Kufanyia kazi nyumbani si fadhila kwa mgonjwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: nusu yake kwa mshahara kamili, nusu kwa nusu mshahara. Aliyevunjika mguu zinamfaa. Mwenye selimundu hazimtoshi.

Baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali ya selimundu. Mhasibu anayesimama kwenye daladala kutoka Mbagala, kisha akashinda chini ya kiyoyozi, anakutana na vyote hivyo kwa siku moja, ilhali hesabu zilezile angezifunga akiwa nyumbani.

Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaruhusiwa kuomba mpangilio wa kufanyia kazi nyumbani tangu siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri hawezi kukataa kabla ya kuzungumza naye. Bunge la Dodoma liweke utaratibu wa namna hiyo.

Kwa sasa, mgonjwa aombe kwa maandishi, aambatanishe barua ya daktari na ataje kazi atakazozifanyia nyumbani. Naye ofisa rasilimali watu aitunze siri ya mgonjwa. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kunong'onwa.