Mpelelezi Ashuke Dodoma

Jamani, wapenzi wa riwaya za upelelezi, tusidanganyane: mapenzi kwenye vitabu hivi yamebaki pambo. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hao walijua kazi. Wanaotuchosha ni waigaji: hoteli, bastola, mrembo wa kutegea adui, asubuhi kasahaulika. Mwanamke ni chambo au maiti, basi.

Mimi nasema maiti iokotwe Dodoma, mitaa ya Nkuhungu. Mji ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, ukapewa hadhi ya jiji 2018, lakini huko mtaani watu bado wanajuana. Mpelelezi anabisha hodi, anayefungua ni yule waliyeachana miaka kumi iliyopita, leo mjane wa marehemu. Anamjua anavyodanganya, maana alishadanganywa naye. Ajitoe kwenye kesi? Akibaki, wakili wa utetezi atamuuliza mahakamani: haya maelezo uliandika kama askari au kama mpenzi? Akikosa jibu, muuaji anaweza kurudi nyumbani akala ugali wake.

Hapo ndipo mapenzi yanapokuwa na uzito: yanaweza kuiharibu haki. Na mjane naye anapata kauli, siri na hasira zake.

Vumbi lipo, zabibu zipo, wambea ndio usiseme. Waandishi, mnangoja nini? Shukeni Dodoma.