MTO UNASAFISHWA, LAKINI NANI ANAFAGIWA?



Sisi watu wa reli tuna neno juu ya Mto Nairobi, nasi tuna haki ya kulinena, maana mji huu uliletwa na reli. Mwaka 1899 reli ilipofika hapa kutoka Mombasa hapakuwa na mji. Palikuwa na kinamasi, na mto ambao Wamasai waliuita maji baridi. Ndipo likatoka jina Nairobi. Kambi ikapigwa, mabwana wakubwa wakajenga kilimani, na sisi tukapewa bondeni: Muthurwa, Pumwani, Shauri Moyo. Tangu siku hizo uchafu wa mji wateremka kuja kwetu. Maji hayapandi kilima, ndugu.

Leo mto ni mweusi. Waulizeni wauzao mitumba Gikomba harufu yake. Na uchafu huo si wa mama afuaye nguo ukingoni! Ni wa mabomba ya choo yaliyopasuka, na mengine ambayo hayakuungwa kamwe na mtambo wa Ruai. Ni maji ya viwanda yaingiayo Mto Ngong. Ni jaa la Dandora lililo kando ya mto, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, na malori yangali yanamwaga.

Hatupingi usafi. Mwaka 2008 marehemu John Michuki, Waziri wa Mazingira, alisimamia kazi hiyo kwa ukali, na watu wakaona maji yakianza kung'aa karibu na bustani ambayo leo ina jina lake. Baadaye uchafu ukarudi, kwa sababu ukichota taka mtoni na bomba la juu lingali wazi, kesho utachota tena.

Sasa tazameni. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, waliokaa ndani ya mita 30 za mto waliamriwa kuondoka. Mathare na Mukuru tingatinga likabomoa nyumba za mabati, na ahadi ikawa shilingi 10,000 kwa kila jamaa. Kodi ya miezi mingapi hiyo? Machi 2025 Rais akazindua mpango wa kuhuisha mito ya Nairobi, wa shilingi bilioni 50. Fedha za kutengeneza ukingo zipo. Za kumpa kibarua mahali pa kulala hazikuonekana.

Twasema hivi: mabomba ya choo yaungwe kwanza, na wenye viwanda washtakiwe mahakamani. Vijana wanaoingia mtoni kuzoa taka wapewe viatu vya mpira, glovu na matibabu, na mshahara ulipwe kwa siku yake. Anayehamishwa aonyeshwe kwanza mahali pa kwenda. Na tingatinga lililoiona nyumba ya mabati Mathare kwa siku moja, mbona halijaliona jumba la ghorofa lililojengwa juu ya mto uo huo?