Nani Kasema Kiswahili Hakijui Kulia Chinichini?

Nina ugomvi na waandishi vijana wenzangu, na leo nautoa hadharani. Unahusu neno moja tu la Kiingereza: whimper. Katika hadithi tunazopeana kusoma hapa Kibondo, na zile zinazotufikia kutoka Kasulu, neno hili limeingia kama mgeni asiyepiga hodi. Binti kaachwa na mchumba, "akaanza ku-whimper". Mtoto kalala na njaa, "ana-whimper". Hata bibi mkulima wa maharage kule Kitahana, ambaye mwandishi mwenyewe katuambia hajawahi kukaa darasani, tukifika ukurasa wa nne naye eti ana-whimper! Jamani!

Ukiuliza, jibu ni lile lile. Kiswahili hakina neno la kulia kwa sauti ndogo. Kina kulia, basi. Kengele inalia, simu inalia, ng'ombe analia, bunduki inalia. Sasa huzuni laini utaiandikaje kwa neno la honi ya basi?

Tuanze na hilo neno lenyewe, maana nina shaka wengi tumelipenda kabla ya kulijua. Whimper si kila kilio cha taratibu. Kulia pumzi zikikatika, kifua kikipanda na kushuka, Mwingereza anakuita sob. Kutokwa machozi, hata kimya kimya, ni weep. Whimper ni ile sauti dhaifu, ya kukatikakatika, ya anayeogopa au anayeumia, na mbwa aliyepigwa teke naye hutajwa kwa neno hilo hilo. Ndani yake mna unyonge, na mara nyingine dharau. Mwaka 1925 T. S. Eliot alilifanya kuwa neno la mwisho kabisa la shairi lake The Hollow Men, na pale linatisha kwa sababu ni la kinyonge. Eliot alijua anachokitafuta. Wewe unayembandika bibi wa Kitahana neno hilo, umemhurumia au umemdhalilisha?

Sasa njoo kwetu. Chukua lia, irudie: lialia. Mtoto analialia. Ndiyo hiyo! Si mayowe, si kimya, ni sauti inayokuja na kuondoka, haikomi wala haipandi. Ukiongeza kwamba anadeka, tumejua anabembelezwa na hana shida kubwa. Mgonjwa anagumia. Aliyeonewa analalama. Mwenye uchungu asiotaka watu waujue analia chinichini. Na kabla hata sauti haijatoka, machozi yanamlengalenga; yakishinda kope, yanamtiririka; yakizidi, yanambubujika. Hizo ni hatua tatu za jicho moja, na kila moja ina kitenzi chake. Mwambie Mwingereza akupe hizo kwa neno moja moja kama hajaanza kukuungia maneno mawili mawili.

Halafu kuna kwikwi. Hapa wenzangu hunicheka: "Kwikwi si ile ya kunywea maji?" Ni hiyo hiyo, bwana. Aliyelipa neno hilo kazi mbili alikisikiliza kifua, maana pumzi inakatika vilevile. Ukisoma "alilia kwa kwikwi" hakuna msomaji anayekimbilia kikombe cha maji. Na hao Waingereza, mbona cry yao ni kulia na pia ni kupiga kelele, na hatujawasikia wakiitupa?

Kwa hiyo neno si tatizo. Nasema tatizo ni aibu, na kwetu sisi Waha aibu hii ina mizizi. Wakati wa mkoloni Kigoma ilikuwa ghala la vibarua. Babu zetu walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge, na kuanzia 1944 kulikuwa na chombo kizima cha wenye mashamba, SILABU, cha kuwakusanya watu kutoka mikoa kama huu wetu. Tangu hapo Mha akifungua mdomo mjini kuna anayecheka lafudhi. Kijana wa leo anakwepa: Kiswahili chake kitachekwa, Kiha kinanuka shamba, basi anarukia Kiingereza, ambako anadhani hakuna atakayempima. Lakini Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, si wa pwani, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa.

Tena Kiswahili si cha kukopa kwetu kama tunavyojidanganya. Lia yetu ndiyo kurira ya Warundi, ambao Kiha chetu kinaelewana nao. Ndiyo kolela ya Kilingala ng'ambo ya ziwa. Kitenzi hicho kipo katika damu ya lugha zetu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Wilaya hizi zimepokea watu wenye vilio. Warundi walivuka mpaka baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Nyarugusu ikaanzishwa 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Habari zao zimeandikwa sana, nyingi kwa Kiingereza cha ripoti. Sisi tuliokaa jirani nao, tukiuziana nao mihogo na mafuta ya taa, tukitaka kuandika tunakiiga Kiingereza kile kile! Kirundi kina kuboroga, kulia kwa sauti kuu, kilio cha msibani. Anayejificha porini na mtoto mgongoni haborogi. Huyo analia meno yameuma kanga. Ukimpa whimper umemfanya dhaifu, na sauti ile ndogo ilikuwa nguvu zake zote.

Tazama pia kilio. Alamin Mazrui aliita tamthilia yake Kilio cha Haki; kile kitabu cha Medical Aid Foundation tulichosoma sekondari kinaitwa Kilio Chetu. Kilio kwetu ni madai, kinapelekwa mbele za watu. Kulia chinichini ni kwa yule ambaye hana pa kukipeleka. Tofauti hiyo Kiingereza hakikupi, na ndiyo hadithi yenyewe unayoihangaikia.

Mtasema napiga domo tu. Haya, bibi yule wa Kitahana mimi ningemwandika hivi: "Alilia uso kaugeuzia ukutani, kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza moto asiamshe wageni." Hamna neno gumu hapo. Mwenye whimper inayoishinda hiyo ailete, mhariri atupe nafasi toleo lijalo, tuchapane.