SIMU SI DAKTARI



Sisi tuliozaliwa Garissa na kuajiriwa katika reli hatuna budi kusema jambo ambalo wanaume huona haya kulitaja. Ni habari za tezi dume zinazoenezwa kwa WhatsApp, Facebook na TikTok.

Tulipokwenda likizo mwaka jana, kwa basi, maana reli bado haijafika Garissa, tulimkuta mzee wetu mmoja akikojoa kwa taabu. Kwa miezi minane alikuwa akinywa dawa ya chupa ya mtu asiyemjua wala kumwona, aliyeahidi katika simu kuponya "tezi dume" kwa siku 21 bila kisu. Alipofikishwa kwa daktari, saratani ilikuwa imekwisha kuingia mifupani. Nani aliyempelekea ujumbe ule? Ni sisi vijana wake tunaojua kusoma. Hilo ndilo linalotuuma.

Tazameni kosa la kwanza la jumbe hizo. Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo cha kila mwanamume, chini ya kibofu. Umri ukienda, hukua na kubana njia ya mkojo. Huko kukua si saratani, na hospitali kuna dawa yake. Saratani ni jambo jingine, na mwanzoni mara nyingi haina dalili. Kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA, lakini kikipanda si lazima iwe saratani. Hata maambukizi hukipandisha. Uhakika hupatikana kwa kukata kinyama kidogo na kukitazama kwa hadubini. Je, simu yaweza kufanya hayo? Wengine huandika kwamba maziwa ya ngamia humaliza saratani. Sisi tumelelewa kwa maziwa hayo. Ni chakula chema, lakini si dawa ya saratani.

Mtu atasema: "Video hii imetazamwa na maelfu, itakuwaje uongo?" Mwaka 2018 madaktari wa New York, akiwemo Stacy Loeb, walitangaza uchunguzi wa video 150 za YouTube juu ya saratani hiyo. Asilimia 77 zilikuwa na habari za kupotosha au za kupendelea, katika video yenyewe au katika maoni ya watazamaji. Tena zenye elimu haba ndizo zilizovutia watu zaidi.

Dereva wa gari moshi haondoki kwa kelele za abiria, hungoja ishara. Nasi tuulize kila ujumbe: nani kausema, kasomea wapi, anauza nini?

Hatusemi simu zitupwe. Twaomba chama chetu mambo mawili. Kwanza, kidai kwa wakubwa wa kazi siku moja kwa mwaka, bila kukatwa mshahara, ili kila mwanachama aliyefika miaka 45, au ambaye baba au ndugu yake aliugua, akazungumze na daktari. Pili, kitafute daktari aseme nasi kwa Kiswahili na Kisomali, na maneno yake ndiyo tuyaeneze kwa simu. Wazee wa nyumbani tuwaambie kwamba hospitali ya rufaa ya Garissa ina kituo cha saratani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndugu, kabla hujatuma ujumbe kwa baba yako, uusome mara mbili.