Kompyuta Mpya Inanguruma, Mwenzio Halali

Kwenye ukurasa huu tumeshaongelea simu zinazolia usiku, mawifi wasiopiga hodi, na nani anunue LUKU. Mwezi huu kuna mgomvi mwingine ndani ya nyumba. Hana namba ya simu, hana ndugu, na mara nyingi mmemleta wenyewe kwa pesa zenu halali. Ni ile kompyuta ya mezani, mpya, ina wiki mbili tu toka itoke kwenye boksi, na inavuma chumbani kama friji la baa.

Usicheke, ni ishu. Siku hizi watu wengi kazi wamezihamishia nyumbani. Kuna anayehariri video za harusi, kuna anayechora ramani za majengo, kuna anayefunga mahesabu ya wateja baada ya saa za ofisi. Laptop inaelemewa, anajichanga, ananunua mashine ya uhakika. Sasa nyumba zetu za kuanzia maisha mnazijua: chumba na sebule. Sebuleni kuna wageni, kuna TV, kuna mdogo wake mtu kaja kusoma chuo. Meza ya kazi inaishia chumbani, hatua mbili toka kitandani.

Kitu ambacho wapenzi wengi hawakielewi ni hiki: anayetumia kompyuta ndiye mtu wa mwisho kuisikia. Kavaa hedifoni, akili iko kwenye kazi, na sikio lake limeshazoea. Aliyelala hana cha kumshughulisha. Taa imezimwa, mtaa umetulia, kilichobaki ni ule mvumo. Kwa hiyo mmoja akisema "mbona mimi sisikii kitu?" anasema kweli kabisa, na ndiyo kauli inayomuudhi mwenzie kuliko zote. Hapo ndipo linapozaliwa lile la "hutaki tu nifanye kazi", likijibiwa na "mashine yako unaipenda kuliko mimi".

Rafiki yangu mmoja ni nesi. Anaingia kazini saa moja asubuhi, na kwa foleni zetu za Dar inabidi aamke saa kumi na nusu alfajiri. Mumewe anatengeneza video. Kompyuta walinunua pamoja, na sehemu kubwa ilikuwa pesa ya mchezo wa yule mke. Ilipofika wiki ya tatu, mwanamke kachukua khanga yake na mto, kahamia kwenye kochi sebuleni. Hakugomba, hakununa, kahama tu. Mwanaume akahisi kuna jambo kubwa linafichwa, akanipigia: "Shemeji, nisaidie kuongea naye, kuna kitu hataki kuniambia."

Nikamuuliza, umeshawahi kulala upande wake wa kitanda, taa zimezimwa, mashine ikiwa inapika video? Hajawahi. Nikamwambia jaribu leo, dakika kumi na tano, bila hedifoni, bila simu mkononi. Kesho yake akanipigia tena, sauti imeshuka. Alikuwa amehesabu kelele tatu tofauti, na moja wapo, alisema, hakuisikia kwa masikio, aliisikia kwenye mto.

Ile ya kwenye mto ndiyo iliyonivutia. Hadi diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 120 kila sekunde, na huo ndio mvumo mzito unaousikia. Diski yenyewe ni ndogo, haina sauti kubwa. Tatizo ni kwamba imefungwa kwa skrubu kwenye kasha la bati, kasha limekaa juu ya meza ya MDF, na meza ya shemeji ilikuwa imegusana na ubao wa kichwani wa kitanda. Meza inafanya kazi ile ile ya tumbo la gitaa: mtetemo mdogo unaingia, sauti nene inatoka. Mke wa watu alikuwa analalia gitaa.

Dawa ilikuwa kusogeza meza vidole vinne toka kitandani na kukata kandambili kuukuu vipande vinne, kila kona ya kasha kipande kimoja. Nasema kweli, kandambili. Mpira laini unameza mtetemo kabla haujafika mezani. Ukitaka kujua kama tatizo lako ni hili, mashine ikiwa inanguruma, iinue kidogo kwa mikono isiguse meza. Iinue wima na taratibu, diski haipendi kutikiswa. Kama sauti imepungua papo hapo, umeshampata mwizi. Na kama mfuko unaruhusu, hamishia kazi kwenye diski aina ya SSD, haina kitu kinachozunguka ndani, haivumi wala haitetemeki.

Kelele ya pili ilikuwa ya feni, na hii ndiyo inayosumbua wengi. Ndani ya lile boksi, ambalo sote tunaliita "CPU" ingawa CPU yenyewe ni chipu moja ndani yake, kuna feni ya prosesa, feni za kasha, feni ya pawa saplai, na kama una kadi kubwa ya grafiki nayo ina zake. Feni kubwa ya milimita 120 inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko ya milimita 80, ndiyo maana vifeni vidogo vinalia kama mbu aliyekasirika. Lakini hata feni nzuri inaudhi ikiwa inapanda na kushuka. Sikio linazoea mvumo ulionyooka. Linachoshindwa kuzoea ni "vuuuu... shhh... vuuuu" usiku kucha, kila mara unapokaribia kupotea.

Kupanda na kushuka kunatibika bila kununua kitu. Kwenye BIOS ya kompyuta nyingi za leo kuna sehemu ya kupanga mwendo wa feni kulingana na joto. Mwambie fundi, au jipe moyo ufanye mwenyewe, feni iende taratibu joto likiwa la chini, ipande polepole, na isiruke kila prosesa inapopata joto la sekunde mbili. Baada ya hapo angalia joto mashine ikiwa kazini. Prosesa za sasa zinavumilia nyuzi 70 hadi 80 bila wasiwasi, na zikizidiwa zinapunguza kasi zenyewe. Ila usijifanye mjanja ukazima feni kabisa. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya Apple III bila feni, ikitegemea kasha lenyewe litoe joto. Mashine zikachemka, chipu zikawa zinalegea kwenye vishikio vyake, na jina la kompyuta ile halikupona tena.

Joto la Dar nalo lina siri yake. Januari na Februari kompyuta inafanya kazi ngumu zaidi, feni zinazunguka kwa nguvu, lakini hakuna anayelalamika kwa sababu pangaboi linazunguka juu na linafunika kelele zote. Inafika Juni, Julai, kaubaridi kanaingia, mnazima pangaboi, ndipo mnaanza kulaumiana. Mashine ni ile ile. Kwa hiyo ukiambiwa "zamani ulikuwa hulalamiki", jibu unalo.

Kelele ya tatu nyumbani kwa shemeji haikuwa ya kompyuta kabisa. Ilikuwa stebilaiza. Umeme ukicheza, ile relei ya ndani inapiga "ta! ta!", na ilikuwa sakafuni, upande wa mke, juu ya marumaru. Waliihamishia upande wa pili wa chumba. Wenye UPS nao wanajua ule mlio umeme unapokatika saa tisa usiku. UPS nyingi zina namna ya kunyamazishwa, kwa kubonyeza kitufe au kwa programu yake, tafuta kwenye kijitabu kabla hujaitupia shuka.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza sauti ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Kompyuta ikiwa kwenye kazi nzito, karibu na kichwa chako, inaweza kupita 40, na kila ikiongezeka desibeli 10 sikio linahisi kama kelele imezidi mara mbili. Kwa hiyo anayelalamika hadeki.

Nije kwa wenye mashine mpya kabisa. Kabla hujachukua bisibisi, angalia waranti. Maduka mengine yanabandika stika kwenye skrubu, ukiichana tu wanakukana. Mvumo wa feni unaweza kuushughulikia mwenyewe, lakini kuna sauti ambazo mashine mpya haitakiwi kutoa. Hadi diski ikipiga "tik, tik, tik" kwa kurudia rudia, hamisha mafaili yako yote siku hiyo hiyo, halafu irudishe dukani. Feni ikikwaruza, mara nyingi ni waya umeigusa, ila kama waya uko mbali, ni mbovu, idai nyingine. Na kama kompyuta ilisafiri kwa basi, tuseme Dar mpaka Mwanza, usiiwashe kwanza. Mwambie fundi afungue aone kama kile chuma kizito cha kupoza prosesa bado kimekaza, barabara zina namna ya kulegeza vitu. Pawa saplai usiruhusu mtu aifungue nyumbani, inaweza kubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa.

Halafu kuna ule mlio mwembamba, kama mluzi wa mbali, unaotokea ukicheza gemu. Huo unatoka kwenye koili za kadi ya grafiki au pawa saplai. Hauna madhara kwa mashine, na ukiweka kikomo cha idadi ya picha kwa sekunde kwenye gemu mara nyingi unapungua. Wanaume wengi wenye umri mkubwa hawausikii kabisa, masikio yetu yanapoteza zile sauti nyembamba kwanza. Mke akisema anausikia, anausikia.

Kuhusu mahali pa kuweka lile boksi, naona watu wanalificha ndani ya kabati la meza na kufunga mlango. Kwa siku mbili mtafurahi. Baadaye hewa ya moto inakosa pa kwenda, feni zinaongeza mwendo, na kelele inarudi na nduguze. Sakafuni kwenye zulia nako hapafai, nyingi zinavuta hewa kutokea chini. Waya wa skrini wa mita tatu unatosha kulipeleka kona ya mbali na mto, juu ya kibao, kukiwa na nafasi ya kiganja nyuma yake.

Yule nesi alirudi chumbani siku ya nne. Haikuwa kandambili peke yake. Walikubaliana kwamba video ndefu zipikwe mchana akiwa kazini, na usiku mume akate na kuunga tu, kazi ambayo haiamshi feni sana. Na mume ndiye aliyelipendekeza, baada ya zile dakika kumi na tano.

Kuna moja nilitaka kusahau. Mmezima taa, kompyuta mmeilaza, kimya. Saa nane usiku inaamka yenyewe, feni vuuu, skrini inamulika ukuta, mnaitana majina ya mizimu. Si mzimu. Windows kwa mpangilio wake wa kawaida ina matengenezo ya kila siku yaliyowekwa saa nane usiku, na mashine nyingine zinaruhusiwa kuamka kwa ajili hiyo. Ingia Control Panel, kwenye Security and Maintenance, tafuta Automatic Maintenance, toa tiki kwenye ruhusa ya kuamsha kompyuta, na saa ibadilishe iwe ya mchana. Au izime kabisa pale ukutani ukishamaliza kazi, LUKU nayo itashukuru.