Daftari Si Mali

Watetezi wa hesabu wana methali waipendayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya kweli, na mwenye kuikana atafilisika. Lakini wao huisoma nusu. Methali yataka mali iandikwe. Haisemi kwamba kila kilichoandikwa ni mali. Usomaji huo wa nusu ndio ninaoupinga hapa, maana madhara yake hayapungui madhara ya kutojua kuhesabu.

Natutazame Kongwa. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa katika dhiki ya mafuta ya kula baada ya vita, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizuru Tanganyika, na mwaka uliofuata mradi wa karanga ukaanza. Makadirio yalikuwa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Tangu hapo ekari ikawa sultani. Ahadi zilitolewa kwa ekari, na maendeleo yakasemwa kwa ekari zilizofyekwa. Basi ekari yatueleza nini? Yatueleza kazi ya tingatinga. Haituelezi kama udongo wa Kongwa, ambao hukauka ukawa mgumu mno, utaziachia karanga wakati wa kuvuna. Haituelezi kama mvua ya Ugogo, ambayo wenyeji waujua uchoyo wake tangu enzi za mababu, itanyesha. Wala haituelezi kila tani ya karanga itagharimu pauni ngapi. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyobeba roho ya mradi, nayo yakawekwa nyuma ya ekari. Mwaka 1949 ukame ukajibu. Januari 1951 mradi ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Daftari lilikuwepo, mali ikapotea, na habari zake zikaandikwa vizuri.

Nitajibiwa kwamba ekari ilichaguliwa kwa kuwa yaonekana, na kwamba pasipo tarakimu mtumishi mvivu hulingana na mwenye bidii. La pili nalikubali. La kwanza ndilo msiba wenyewe: kipimo rahisi huchaguliwa kwa raha ya mpimaji, si kwa haja ya kazi. Simon Kuznets, aliyeifanyia Marekani hesabu ya pato la taifa, aliionya Seneti mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuujua ustawi wa taifa kwa kutazama pato lake. Fundi wa mizani alitaja mpaka wa mizani yake. Walimwengu wakaichukua mizani, wakauacha mpaka.

Maradhi haya hayajapoa. Wako wahesabuo madarasa yaliyojengwa wasipime kilichofundishwa ndani yake. Wako wahesabuo semina, wasiulize nani alitoka humo na ujuzi gani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Lilifanya vema, kwa kuwa orodha ile haikutenganisha shule ifundishayo na shule ichaguayo wanafunzi waliokwisha kufundishika. Lakini kuvunja kibaba kibovu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchonga kilicho sawa.

Kibaba kilicho sawa kina sharti tatu. Kwanza, kisimame karibu na shabaha yenyewe, si karibu na jasho la kuitafuta. Pili, kikipanda au kikishuka, uamuzi fulani ubadilike. Kipimo kisichobadili uamuzi ni pambo la ripoti. Tatu, kiwe na mwenzake wa kukilinda: ahesabuye ekari ahesabu na magunia, na ahesabuye watoto walioandikishwa apime na wale wawezao kusoma.

Wasomi wa uchumi na utawala, ninyi ndio mtakaokabidhiwa madaftari kesho. Kabla ya kuuliza "ni ngapi?", ulizeni "ili iweje?" Asiyeweza kulijibu swali hili la pili hana haki ya kumtoza mkulima wala mwalimu jibu la lile la kwanza.