Mvamizi Amekwisha Kutua: Nani Anaandika Ishara Zake?

Nilialikwa wakati fulani kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Gairo. Mada niliyopewa ilihusu uwezekano wa kuwapo viumbe hai katika sayari nyingine. Nilipomaliza, kijana mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa viumbe hao watakuja kuivamia dunia, na wakatangulia kututumia tangazo la vitisho, ni nani hapa Gairo atakayelinasa na kuliandika?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini njiani nikirudi Morogoro, kabla hata sijafika Dumila, nilitambua kwamba swali lile halikustahili kuchekwa. Jibu lake lilikuwa pale pale kando ya barabara, katika mashamba ya mahindi yaliyotobolewa majani kama chujio.

Hofu ya mvamizi kutoka angani si jambo jipya. Mwaka 1898 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha riwaya ya wakazi wa Mirihi wanaoishambulia dunia, na usiku wa tarehe 30 Oktoba, 1938, Orson Welles aliigeuza kuwa mchezo wa redio nchini Marekani. Mchezo huo uliigizwa kwa mtindo wa taarifa ya habari, na baadhi ya wasikilizaji waliofungulia redio zao katikati walidhani kwamba ni habari za kweli. Tangu hapo masimulizi ya aina hii yamefuata utaratibu mmoja: mvamizi hutoa vitisho, dunia nzima husikia, mitambo hunasa, na wakuu wa nchi hukutana. Laiti adui wa kweli angekuwa na adabu hiyo!

Mvamizi wetu hakupiga baragumu. Asili yake ni bara la Amerika, na wataalamu humwita *Spodoptera frugiperda*. Sisi tunamwita kiwavijeshi vamizi. Barani Afrika aligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, katika nchi za Magharibi na Kati. Mwaka 2017 alikwisha kuingia Tanzania. Mwaka 2018 alionekana India, mwaka 2019 China, na mwaka 2020 Australia. Katika miaka minne tu alikuwa amezunguka sehemu kubwa ya dunia yenye joto, mahali popote palipo na mahindi. Ikiwa hiyo si dharura ya sayari nzima, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Tuitazame nguvu yake kwa hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Nondo jike mmoja huweza kutaga mayai 1,500 au zaidi katika maisha yake mafupi. Tuseme kwamba katika kila mayai 100 ni mawili tu yanayofikia kuwa nondo kamili. Hao ni nondo 30, na nusu yao, yaani 15, ni majike. Kizazi kinachofuata kitakuwa na majike 225, na cha tatu 3,375. Katika hali ya joto kizazi kimoja huchukua muda wa mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo nondo mmoja aliyepuuzwa mwanzoni mwa mvua huweza kuacha jeshi kubwa kabla mahindi hayajakauka.

Je, mvamizi huyu hutoa tangazo? Ndiyo, naye hulitoa kila usiku, ila halitumii sauti wala mawimbi ya redio. Nondo jike hutoa harufu maalumu inayochukuliwa na upepo, na dume huifuata mpaka ampate. Kemikali za namna hii huitwa feromoni. Ya kwanza kutambuliwa ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959, kwa kazi ya Adolf Butenandt na wenzake wa Ujerumani, ambao iliwabidi kukusanya tezi za majike wapatao nusu milioni ili kupata kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo. Leo harufu hiyo hutengenezwa viwandani na kutiwa katika kipande kidogo cha mpira. Kipande hicho kikiwekwa ndani ya mtego, dume huja akidhani ameitwa na jike. Kila asubuhi anayehesabu madume yaliyonaswa huwa anasoma tangazo la adui lililopita hewani usiku kucha bila ya binadamu yeyote kulinusa.

Kazi hii si ngeni katika sehemu zetu. Kabla ya mvamizi huyu tulikuwa naye ndugu yake, kiwavijeshi wa Afrika, *Spodoptera exempta*, ambaye wazee wa Ukaguru wanamfahamu vizuri. Huyu huruka pamoja na pepo za mvua na kuangukia mtama, mahindi na malisho kwa makundi makubwa. Na wataalamu wameitaja mikoa ya Morogoro na Dodoma miongoni mwa mahali ambapo milipuko ya kwanza ya msimu huanzia. Ndiyo sababu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Kilosa, ambayo Gairo ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2012, ilichaguliwa kujaribu utabiri unaofanywa na wanakijiji wenyewe. Kijiji kilipewa mtego na kipimamvua. Mkulima aliyefundishwa alihesabu nondo, akapima mvua, kisha akatoa tahadhari kwa wenzake. Hakuhitaji kusubiri barua kutoka makao makuu.

Basi kwa nini mashamba yale ya kando ya barabara yalitobolewa? Naomba nieleze jambo moja ambalo linanihusu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tulipeleka mitego katika shule kadhaa. Mwishoni mwa msimu nilikusanya madaftari. Moja lilinivutia kwa usafi wake: kila siku ilikuwa na hesabu, hakuna mstari uliorukwa, na mwandiko ulikuwa mzuri. Kisha nikaona kwamba kurasa zote, za miezi mitatu, zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja na kwa mkono mmoja usiochoka, na kwamba hesabu zilipanda na kushuka kwa utaratibu ambao nondo hawaujui. Daftari lilikuwa limejazwa siku moja kabla ya mimi kufika.

Nilikasirika. Nilipomkabili kijana aliyehusika, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, wiki tatu za kwanza tuliandika kila siku, tukapeleka. Hakuna aliyetuambia zile namba zimekwenda wapi." Hapo hasira yangu iligeuka kuwa aibu. Tulikuwa tumewaomba watoto watusikilizie adui, kisha sisi wenyewe tukaziba masikio. Kosa la uongo ule lilikuwa lake. Lakini njia iliyompeleka huko tuliichonga sisi wataalamu.

Maoni yangu, basi, ni haya: kumbukumbu za wadudu na mvua za Gairo ziandikwe na shule za Gairo, zibaki Gairo, na zitumike Gairo kwanza, kabla ya kupelekwa mahali pengine popote. Nakala zije kwetu vyuoni, lakini daftari lenyewe liwe mali ya shule. Kumbukumbu inayomfaa mwandishi wake ndiyo pekee inayoandikwa kwa ukweli.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilibahatika kufika Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo ambako shamba moja la ngano limekuwa likiandikiwa kumbukumbu tangu mwaka 1843. Nilitazamia kuona mitambo ya ajabu. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa uvumilivu: vizazi na vizazi vya watu walioandika mambo yasiyosisimua, mwaka baada ya mwaka. Nilijiuliza kwa nini jambo hilo lisiwezekane kwetu. Daftari na kalamu hazihitaji fedha za kigeni.

Nazijua hoja zitakazotolewa kupinga. Wapo watakaosema kwamba leo tuna simu, na kwamba kazi hii ifanywe kwa simu. Ni kweli, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mwaka 2018 programu ya simu inayowawezesha wakulima na maofisa ugani kuandika habari za kiwavijeshi vamizi. Chombo hicho ni kizuri. Lakini simu hupokea kile tu ambacho jicho limeona na mkono umehesabu. Asiyekwenda shambani hana la kuandika, awe na simu au awe na mkaa.

Wapo pia watakaosema kwamba mtego hautabiri vizuri madhara ya mvamizi huyu mpya. Hoja hii ina uzito, nami naikubali. Kiwavijeshi wa Afrika huja kwa mkupuo, hivyo mtego na kipimamvua huweza kumtangulia. Mvamizi mpya hukaa nasi mwaka mzima akipata chakula, naye hujificha ndani ya moyo wa mhindi ambamo dawa haimfikii kwa urahisi akishakuwa mkubwa. Idadi ya madume mtegoni haituambii moja kwa moja ni mimea mingapi itakayoliwa. Kwa hiyo mtego utuambie tu kwamba yupo. Kisha lazima tuingie shambani. Wanafunzi watembee kwa njia yenye umbo la herufi W, wasimame mahali patano, na katika kila kituo wakague mimea 10. Waandike ni mingapi yenye mayai, viwavi wadogo, au majani yaliyotobolewa. Kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia, ndiye mvamizi. Akigunduliwa angali mchanga, hata mkulima asiye na dawa huweza kuyaponda mayai na viwavi kwa vidole.

Na wapo walimu watakaosema: mzigo wetu umekwisha kuwa mzito. Nawaheshimu, kwa maana naujua mzigo huo. Lakini katika daftari hili mwalimu wa hisabati atapata wastani na grafu zake. Mwalimu wa biolojia atapata hatua za maisha ya mdudu. Mwalimu wa jiografia atapata mvua na upepo. Kazi ya dakika 15 asubuhi, kwa zamu, haitaua ratiba ya shule. Na kwa shule isiyoweza kupata mtego, ukaguzi wa shamba hauhitaji kitu, na mvua huweza kupimwa kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula.

Nasisitiza mambo mawili. Kwanza, sifuri iandikwe. Siku ambayo hakuna nondo aliyenaswa si siku tupu. Ni habari kamili, na pasipo hiyo hatuwezi kujua ni siku gani adui alifika. Siku ambayo hakuna aliyekwenda mtegoni iandikwe hivyo, "hatukwenda", wala isiandikwe sifuri. Mwanafunzi anayeijua tofauti ya maneno hayo mawili amekwisha kuingia katika mlango wa sayansi. Pili, kila Ijumaa hesabu zibandikwe ubaoni mahali ambapo wazazi wanapita, ili mkulima wa jirani ajue kama imempasa kukagua shamba lake Jumamosi.

Tusisahau kwamba maadui wa adui nao wapo. Katika riwaya ya Wells, wavamizi wa Mirihi hawakushindwa na mizinga. Waliuawa na bakteria wa dunia ambao miili yao haikuwazoea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta nyigu vimelea wakimshambulia kiwavijeshi vamizi katika Ethiopia, Kenya na Tanzania. Lakini shamba linalonyunyiziwa sumu ovyo kwa hofu huwaua wasaidizi hawa pamoja na adui. Mkulima mwenye kumbukumbu hunyunyizia panapohitajika; asiye nayo hunyunyizia kwa uvumi, na hulipa mara mbili.

Kwa kijana yule aliyeuliza swali, jibu langu ni kwamba tangazo limekwisha kutolewa, na litatolewa tena usiku wa leo, na la kulinasa ni wewe na wenzako. Mvua za msimu zitakapokaribia, nitarudi Gairo nikiwa na mitego na madaftari mapya. Safari hii nitaanza kwa kulirudisha lile daftari la zamani, pamoja na maelezo ya yale tuliyojifunza kutokana na wiki zake tatu za kwanza, ambazo zilikuwa za kweli.